Ngamia wa Watu

Simu ya Madino ndiyo iliyolia kwanza. Aliichomoa kifuani, akausoma ujumbe kwa midomo tu, kisha akaiinua juu ili kila mwanamke aliyekuwa dukani kwa Yarow aione. Zikafuata nyingine, moja baada ya moja, na duka likachangamka papo hapo: huyu anadai unga, yule anadai sukari, mwingine anamtukana Yarow kwamba ni mwepesi wa kukata ada na mzito wa kutoa noti. Pesa ya njaa ilikuwa imeingia. Bula Dagah nzima, pale nje ya mji wa Garissa kando ya barabara ya kwenda Liboi, ilikuwa imeingoja mpaka watu wakaanza kugombana bila sababu.

Simu ya Nafiso ilikaa kimya. Aliizima, akaiwasha. Akatoa laini, akaifuta kwa pindo la hijabu, akairudisha. Hakuna kitu.

"Labda mtandao," alisema Yarow bila kumtazama, kwa sababu mwenye duka hapendi kumtazama mteja asiye na cha kutoa.

"Mtandao gani huo unaochagua watu?"

"Labda umetajirika, walaal, na hutaki kutuambia," Madino alisema, na wanawake wakacheka.

Nafiso naye alicheka. Ilimuuma, lakini alicheka, maana Madino alikuwa mke mdogo wa Haji Diriye, na hapo hapakuwa na mtu aliyetaka kukosana na Diriye. Haji alikuwa na nyumba ya mawe mjini, alikokaa na mke mkubwa, na malori ya kupeleka mifugo Nairobi. Madino alijengewa kibanda cha mabati hapa Bula Dagah, uani hamna hata mbuzi. Siku watu wa ofisi ya pesa ya njaa walipopita kuhesabu mali, alikutwa ameketi kwenye mkeka na sufuria yake moja, akaandikwa fukara. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza, na sasa fukara huyo alikuwa akiulizia mchele wa biriani.

Nafiso alitoka bila unga. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu, mume, na mama mkwe ambaye macho yalikuwa yakimwisha na dawa zake hazikuwa za bure. Maziwa waliyokamua yaliwashibisha nusu, na nusu ya pili ilikuwa hiyo pesa ya njaa. Bila jina lake kurudi miongoni mwa wanaopokea, hakujua mwezi ungekatikaje. Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya mjini kwa miguu, jua likimchoma kisogoni, na njiani alikuwa amekwisha kumtukana kila mtu wa ofisi ile, mmoja mmoja, kabla hajamwona hata mlinzi.

Mlinzi alimwacha asimame nje hadi adhuhuri. Waliokuja na gari waliingia. Waliokuja na bahasha waliingia. Alipopata nafasi aliwakuta watu wamekaa chini ya feni, na nyuma ya meza akamkuta Sabirin, binti wa hapo hapo Garissa, aliyepita Bula Dagah mwaka uliotangulia akiwa na kishikwambi mkononi, akiuliza nyumba kwa nyumba watu wana nini na wanakula nini.

"Karibu, eedo," Sabirin alisema. Alipiga piga kioo chake kwa kidole, akakunja uso. "Kaya yenu imehitimu."

"Imehitimu nini?"

"Umaskini. Mmetoka. Ndivyo wanavyosema, kuhitimu."

Nafiso alimtazama kuona kama anatania. Alikuwa hajasikia mtu akihitimu kitu ila msahafu, na anayehitimu msahafu huchinjiwa mbuzi.

"Mwanangu, nimekuja kwa miguu. Nimekunywa chai ya rangi tangu jana. Nimehitimu lini?"

"Mfumo unaonyesha mna ngamia sita. Mwenye ngamia sita hawezi kuwekwa pamoja na wasio na kitu."

"Wale si wetu!"

Watu chini ya feni waligeuka. Sabirin alishusha sauti. "Eedo, niliandika mwenyewe. Nilikaa kwenu, nikanywa maziwa yenu. Nikamuuliza Rage, hawa ni wa nani? Akasema, wangu. Nikarudia kuuliza kwa sababu tumeagizwa turudie. Akasema, binti, mimi ni mtoto wa kuulizwa mara mbili?"

"Na wewe si Msomali? Hujui mnyama wa irmaansi si wa anayemkamua?"

"Najua. Lakini mashine haina mahali pa irmaansi. Ina ndiyo na ina hapana. Nikianza kujaza ninayoyajua mimi badala ya yale mnayoyasema nyinyi, nafutwa kazi kesho."

Sabirin hakuwa msichana mbaya, na hilo ndilo lililomkera Nafiso zaidi. Angekuwa mbaya angemlaani, akaenda zake akiwa mwepesi. Badala yake alipewa maji baridi kwenye kikombe cha plastiki, akaambiwa kwamba Alhamisi wataalamu kutoka Nairobi wangesoma matokeo yao mbele ya wananchi katika ukumbi wa hoteli mjini, na mwenye malalamiko angeruhusiwa kusema.

"Mwambie Rage aje aseme mwenyewe," Sabirin alisema. "Yeye ndiye aliyesema ndiyo."

*

Anayekamua ngamia husimama, mguu mmoja chini na mwingine umekunjwa, chombo kikiwa juu ya goti. Mwanamume aliye katika hali hiyo hawezi kuondoka kwa hasira. Nafiso alijua hivyo, ndiyo maana alingoja Rage ainue mguu wake jioni ile ndipo akamsogelea.

"Ulimwambia Sabirin ngamia ni wako?"

Rage aliendelea kukamua. "Nilimwambia nilichoona kinafaa."

"Wametukata. Tumehitimu."

"Tumefanya nini?"

Alimweleza. Maziwa yaliendelea kuchuruzika, kisha yakapungua, kisha yakakoma, na ngamia akageuza shingo kuona kuna nini.

"Ukame ule uliopita," Rage alisema polepole, "waliosema wana mifugo waliletewa nyasi na dawa. Waliosema hawana waliletewa pole. Ningejuaje kwamba safari hii wamebadilisha? Watu hawa wanakuja kuhesabu, hawasemi wanahesabia nini. Na Diriye mwenyewe alinishauri. Alisema wakija, semeni mnao, mwenye mifugo ndiye anayeangaliwa."

"Diriye! Diriye alikushauri useme ngamia wake ni wako, na mkewe akasema hana hata kuku! Hukuona?"

"Naa, punguza sauti."

"Sipunguzi. Alhamisi utakwenda ukumbini useme ukweli."

Rage aliteremsha mguu. "Nisimame mbele ya watu wa Bula Dagah, na wageni kutoka Nairobi, niseme hawa ngamia ni wa Diriye, mimi namchungia? Nife kwanza."

Hakuwa anatia chumvi. Wanyama wake mwenyewe walikufa katika ukame, wakabaki mifupa tupu nyuma ya boma, na Diriye, mtoto wa amu yake, alimletea hawa sita wenye maziwa. Hiyo ndiyo irmaansi. Unamlisha mnyama, unamlinda, maziwa ni yako na watoto wako, na siku mwenyewe akimtaka anamchukua bila kukueleza. Mpaka siku hiyo hakuna anayelitaja jina la mwenyewe, si wewe wala yeye, kwa kuwa aliyepewa asifedheheke na aliyetoa asionekane anasimanga. Mgeni akiuliza, unasema wangu. Ndivyo walivyofanya baba zao. Ni adabu nzuri sana, na Nafiso jioni ile aliichukia kwa moyo wake wote.

"Nafiso," mama mkwe, Fatumo, aliita kutoka mkekani. Alikuwa amesikia yote; macho ndiyo yaliyokuwa yakimwisha, masikio bado yalikuwa mazima. "Msimwudhi Diriye. Ndiye aliyebaki na kitu katika ukoo huu."

"Naam, ayeeyo. Amebaki nacho, kweli."

Kwa kuwa mumewe hakutaka kusema, Nafiso aliona kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kusema bila heshima ya yeyote kuvunjika, naye ni mwenye ngamia. Jumatano, siku ya soko la mifugo, akamfuata huko huko.

Soko lilikuwa limejaa vumbi na makelele ya mbuzi. Diriye alikuwa amesimama na mnunuzi mmoja, mikono yao ya kulia ikiwa chini ya shuka, wakipatana bei kwa kubanana vidole ili madalali wengine wasiione. Alimwona Nafiso, akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za mama na za watoto. Mkono hakuutoa.

"Haji, nimekuja kukuomba neno moja," Nafiso alisema. Hakukuwa na pa kukaa na hakukaribishwa. "Kesho mkutanoni, uwaambie watu wa ofisi kwamba wale ngamia ni wako. Ukisema wewe, Rage hafedheheki. Jina letu litarudi."

Diriye alitabasamu. "Wangu wapi? Wako kwenu. Nani anawakamua?"

"Unajua ninachosema."

"Najua." Chini ya shuka vidole vilibana, mnunuzi akatikisa kichwa, vikabana tena. "Nikisema sita wa kwenu ni wangu, wataniuliza wale wa nyumba ya jirani, na wa nyumba inayofuata. Kila mwenye mkono atakuja kuunyoosha mlangoni kwangu. Kisha watamrudia Madino."

"Madino ana njaa, Haji?"

Mnunuzi alikohoa. Tabasamu la Diriye lilibaki mdomoni, lakini macho yaliacha kucheka.

"Mwambie Rage," alisema, "kama ngamia wanamlemea, anijulishe. Ndugu zetu kule Lafey wamewaomba zamani. Nilimpendelea yeye kwa sababu ya mama." Akamgeukia mnunuzi, na kwa Diriye Nafiso hakuwapo tena.

Alisimama pale kwa muda. Vidole vilikubaliana chini ya shuka, wanaume wakapeana salamu, fahali akapigwa alama ya rangi mgongoni, na hakuna aliyemwambia Nafiso aende wala abaki. Hasira aliyorudi nayo nyumbani haikumwacha ale wala aongee. Rage hakumuuliza alikotoka. Tangu siku ile ya kukamua walikuwa wakipitana kama wapangaji.

*

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe na chupa ya maji mbele ya kila mtu. Wazee wa Bula Dagah walikuja kwa sababu ya chakula cha mchana kilichotajwa kwenye mwaliko. Rage alikuja kwa sababu chifu alimtaka kila mwenye nyumba afike, akaketi upande wa wanaume, mbali na mkewe. Diriye aliketi safu ya mbele pamoja na waheshimiwa, kofia yake nyeupe ikimetameta. Sabirin alikuwa kando yao, akiandika yanayosemwa.

Mtaalamu aliitwa Kilonzo. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye Kiswahili kizuri, na aliipenda kazi yake. Hilo Nafiso aliliona mara moja, likamtia woga.

"Ndugu zangu," Kilonzo alisema, "kusema uchumi umekua haitoshi. Unaweza kukua kwa mtu mmoja, wengine wakabaki wakimtazama. Sisi tumekuja kupima kitu kingine: je, ukuaji huu umemfikia kila mtu?"

Ukutani kukatokea mchoro wenye mistari miwili. Mwekundu, ulionyooka, alisema ndio usawa kamili, kama kila nyumba ingekuwa na sawa na nyingine. Wa buluu, uliopinda kidogo chini yake, ndio hali halisi ya mifugo katika eneo lao. Kadiri wa buluu unavyoukaribia mwekundu, ndivyo mali ilivyogawanyika vizuri.

"Na tazameni ulivyokaribia!" Sauti ilimpanda kwa furaha. "Tulitarajia kumkuta mtu mmoja ana ngamia mia na majirani zake mikono mitupu. Hatukumkuta. Tumepita nyumba kwa nyumba, huyu ana sita, yule wanne, yule watano. Bula Dagah ni mfano. Tutaupeleka mbali mfano huu."

Makofi yalipigwa safu ya mbele. Safu za nyuma wanaume wa Bula Dagah walitazama viatu vyao. Kila mmoja wao alikuwa na sita, au wanne, au watano, na kila mmoja alijua ni wa nani. Mzee mmoja alifungua chupa yake ya maji, akanywa yote, akaifunga tena. Hakuna aliyeinua mkono.

Nafiso aliinuka. Kiswahili, ambacho hakuwa nacho kingi, kilimkimbia chote kwa mara moja. Alikikusanya kadiri alivyoweza.

"Salaam aleikum. Mimi naitwa Nafiso, nyumba yangu iko Bula Dagah. Wewe nasema nyumba yangu iko na ngamia sita. Hiyo ngamia si ya sisi. Hiyo iko ya mtu. Sisi nakamua tu. Tunabewa maziwa, hatubewi ngamia." Akaelekeza kidole ukutani. "Na ile nne ya jirani, na ile tano ya huyu mzee hapa, iko ya huyo huyo mtu moja. Hiyo mstari yako ya buluu yote iko ya mtu moja. Sisi iko na njaa na umetukata."

Ukumbi ulivuma. "Huyu mwanamke ana nini?" "Ametumwa!" "Keti, keti!" Mzee aliyetajwa alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, kwamba mwanamke asiye na mwanamume ndiye anayesema katika mikutano. Upande wa wanaume kiti kiliburuzwa. Rage alisimama, uso umemvimba kwa aibu, akapita kati ya safu bila kumtazama mkewe, akatoka nje, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Kilonzo hakukasirika. "Asante sana, mama. Lakini umiliki uliripotiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Na hata kama nyumba yako ina kasoro, nyumba moja haigeuzi picha nzima. Huyo mtu unayemsema ni nani?"

Mpaka hapo Nafiso aliweza kufika. Kulitaja jina kulimshinda. Adabu ile aliyoichukia ilikuwa imemshika hata yeye.

Hakuhitaji kulitaja. Diriye alisimama taratibu, akarekebisha koti lake, akaugeukia ukumbi akitabasamu.

"Bwana Kilonzo, huyu ni shemeji yangu. Tusimkasirikie, maisha ni magumu na wanawake wana wasiwasi. Kweli, wale ngamia zamani walikuwa wangu. Lakini mtu humwacha ndugu yake alale njaa? Nimempa. Nasema mbele yenu nyote na mbele ya Mungu: ngamia sita walioko kwa Rage ni hiba yangu kwake. Ni wake. Sirudishi neno."

Makofi safari hii yalitoka pande zote. "Mashallah, Haji!" Hata mzee wa ngamia watano alipiga. Kilonzo alipumua kama mtu aliyepona, akasema huo ndio moyo wa ukuaji jumuishi, na kwamba hata hivyo malalamiko ya mama yangefuatiliwa. Sabirin aliandika. Habari za ngamia wa nyumba nyingine hazikuulizwa. Kikaja chakula, na Nafiso akatoka bila kula, peke yake, akipishwa na watu kana kwamba nguo zake zinanuka.

Jioni alijaribu kumwambia mumewe kilichosemwa baada ya yeye kutoka. "Usinisimulie mkutano wako," Rage alisema, akageukia ukuta.

*

Ijumaa alfajiri, watu walipokuwa wakitoka kuswali, mchungaji wa Diriye alisimama nje ya boma na fimbo yake.

"Haji anawahitaji," alisema.

Nafiso alikimbia nje bila viatu. Alimkuta Rage anauvuta mti wa miiba uliofunga mlango wa boma, anaufungua mwenyewe kwa mikono yake. Hakuuliza kwa nini wala kwa muda gani. Mwenye ngamia akiwataka, haulizwi.

"Unamfungulia?" Nafiso alisema. "Jana amesema..."

"Umeshasema ya kutosha," Rage alimkata. "Ulitaka wajue si wangu. Wamejua. Tazama."

Ngamia walitoka mmoja mmoja. Hawakuwa wamekamuliwa, na viwele vilikuwa vimejaa. Mtoto wao mdogo, Hamdi, alikuja na kikombe chake kama kila asubuhi, akasimama akitazama mikia inavyokwenda zake. Fatumo aliuliza kutoka ndani ni nini hicho kinachopita. Nafiso alikaa chini mchangani akalia kwa uchungu na kwa hasira, bila kujificha.

Wiki iliyofuata walikula kwa kuombaomba. Yarow alikuwa na maneno mengi na unga kidogo. Majirani, ambao nao walikuwa na ngamia wa kulinda, waliacha kupita karibu na mlango wao. Madino alituma bakuli la wali, na Nafiso aliutazama wali ule kwa muda mrefu kabla ya kuwapa watoto.

Sabirin alikuja Jumamosi na kishikwambi chake. Alikuwa ametumwa kuyahakiki malalamiko. Aliliona boma tupu, akaona na macho ya Nafiso, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuketi. Rage alikuwa kivulini, akisuka kamba ambayo hakuwa na mnyama wa kufunga.

"Ngamia mnao wangapi sasa?" Sabirin aliuliza.

"Unaona wangapi?" Nafiso alisema.

"Lazima mseme nyinyi, eedo."

"Hakuna."

Sabirin aliandika. "Wamepungua kutoka sita hadi sifuri. Sababu? Walikufa, waliuzwa, au waliibwa?"

"Hatukuwa nao."

"Hilo halipo. Mnaandikwa mlikuwa nao. Na sasa halibishaniki, maana limeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao." Aliusoma uso wa mashine yake, kama mtu anayetaka kumaliza jambo baya haraka. "Haji Diriye amethibitisha mbele ya hadhira kuwa ngamia sita ni hiba kwa Rage, na kwamba harudishi neno. Nikiandika waliuzwa, wataona mna pesa. Nikiandika walikufa, watauliza ukame gani, mvua imenyesha. Kwa hiyo sijui..."

"Rudia," Rage alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa ameiweka kamba chini.

"Rudia alivyosema Diriye."

Sabirin alirudia.

"Alilitamka neno hiba? Kwa kinywa chake? Mbele ya watu?"

"Ukumbi mzima ulisikia, adeer. Walimpigia makofi."

Rage alisimama. Tangu utoto wake alifundishwa chuo cha Kurani kwamba kitu ukikitoa hiba, na ulichokitoa kimekwisha kuwa mkononi mwa uliyempa, huna tena njia ya kukirudisha. Diriye alifundishwa chuo hicho hicho, mbele ya maalimu huyo huyo. Kule ukumbini alitaka makofi, na akalichukua neno lililokuwa karibu.

"Siku zote nimesema wangu, na nilikuwa naona haya moyoni," Rage alisema. "Yeye amesema wangu, na watu wakampigia makofi. Haya. Mtu akija alfajiri akachukua ngamia wangu sita, huyo anaitwaje? Andika waliibwa."

"Rage!" Fatumo alilia kutoka ndani. "Mwana wa amu yako! Utatutenga na watu wote!"

"Tumekwisha kutengwa, hooyo. Tunakula wali wa Madino." Alikuwa akitafuta shuka lake safi. "Nakwenda kwa kadhi."

Nafiso aliinuka, akajipangusa mchanga. Alikuwa bado hajamsamehe, wala hakuwa na haraka ya kumsamehe.

"Utamwambia kadhi ulisikia nini?" alimuuliza. "Wewe ulitoka. Ulinipita kama mlango, ukatoka. Mimi ndiye niliyebaki ndani."

Rage alisimama na shuka lake begani. Alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya kukamua hakugeuza uso.

"Basi tangulia," alisema.

Nafiso alichukua hijabu yake ya kutokea. Mlangoni alimgeukia Sabirin, ambaye bado alikuwa ameketi, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Umeandika waliibwa?"

"Nimeandika."

"Weka na jina la aliyewaiba."

"Eedo, hapa hakuna mahali pa jina."

"Patafute," Nafiso alisema, akatoka.